Ekari Mbili Kabla ya Mwisho wa Aprili

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimewekeana dau na kaka yangu, na ninaliandika hapa asije akasema kesho tulipatana vingine.

Nicholas alifika saa nne na mkewe Cynthia. Alizunguka shamba langu mikono nyuma, vile hukagua madarasa shuleni kwake, kisha akaniambia kile chumba wanachonijengea kimeisha. Wamekijenga nyuma ya nyumba yao kule mtaa wa West Indies, mjini. Hakina ngazi. Chooni wameweka vyuma vya kushikilia. Cynthia akaongeza kwamba dirisha linapata jua la asubuhi.

"Utakuwa unakaa tu, Rael," Nicholas akasema. "Umeteseka ya kutosha."

Miaka mitatu iliyopita pikapu yake ilibingirika tukiwa ndani, barabara ya kutoka Kaptagat, akikwepa ng'ombe kwenye mvua. Yeye alitoka na mkwaruzo wa paji. Mimi mguu wa kulia haukunji tena, na ninatembea na mkongojo. Jembe siwezi. Lakini nina katrekta kangu kadogo ka bustani. Zamani kalikuwa kakikata nyasi kwenye kambi ya wanariadha, nami nikakafungia plau ndogo nyuma. Pedali ya klachi iko upande wa kushoto, upande wa mguu wangu mzima. Trekta kubwa haliwezi kuvuka daraja la mbao la kuingia kwangu hapa Soy, kwa hivyo ni hako tu.

Nicholas alisema hiyo ni toi ya watoto. Nikamwambia, "Ikifika mwisho wa Aprili, ekari zote mbili zitakuwa na viazi ardhini, nimelima na kupanda mwenyewe. Kama sivyo, nitapanda boda nije kwa hicho chumba na sitafungua mdomo tena."

Cynthia alicheka akidhani ninatania. Nicholas hakucheka. Alinyoosha mkono, tukashikana.

Alhamisi, 14 Machi

Mistari tisa. Udongo mkavu, vumbi mpaka kwenye meno. Injini inaimba vizuri.

Jumatatu, 18 Machi

Saa tatu asubuhi injini ilikuwa inanguruma lakini magurudumu hayaendi. Nilizima, nikashuka, nikalala ubavu kwenye nyasi nione chini. Mkanda unaopeleka nguvu kwa magurudumu ulikuwa umelowa oili na unateleza kwenye puli, lile gurudumu dogo linalouzungusha. Oili yenyewe ilikuwa inatoka pale shafti ya injini, ule mhimili unaozunguka, inapochomoza nje kushika puli. Hapo ndani kuna sili, duara la mpira na chuma, pana kama mdomo wa kikombe kidogo. Kazi yake ni kukumbatia shafti ili oili isiifuate nje.

Kitu kidogo namna hiyo, na ekari mbili zinakingojea.

Jumatano, 20 Machi

Nicholas amenitumia fundi wake, Murunga. Mwanaume mcheshi, anakuja na pikipiki na begi la spana. Aliondoa puli, akang'oa sili ya zamani na bisibisi, akaiweka mpya na kuanza kuipiga nyundo upande mmoja, halafu upande wa pili, kama mtu anayefunga mkebe wa rangi. Nikamuuliza kama haitakaa upande.

"Mama, hii kazi nimefanya miaka kumi na mbili," akasema. "Wewe kaa kivulini."

Naona nchi hii yote imekubaliana kwamba mahali pangu ni kukaa.

Ijumaa, 22 Machi

Inavuja. Mbaya kuliko mwanzo.

Jumapili, 24 Machi

Nimetoka kanisani simu ikalia. Nicholas. Sauti ya chini, ile ya kupeleka habari za msiba. Murunga amemwambia injini imekufa, shafti imelika, hakuna dawa, niiuzie watu wa vyuma vikuukuu.

Injini ni yangu. Shamba ni langu. Ripoti imeenda West Indies.

Nilimpigia Murunga. Akasema alidhani mwenye mashine ni Mwalimu Nicholas. Nikamwambia mwenye mashine ndiye anayeongea, na kwamba asirudi kwangu hata kuchukua spana aliyosahau. Halafu nilikaa kwenye kigoda kando ya katrekta na kuishika ile shafti kwa vidole, hapo kati ya puli na sili. Nikaipitishia ukucha pande zote, pole pole. Ni laini. Haina mkwaruzo hata mmoja. Haijalika mahali popote.

Alikosea, na badala ya kusema amekosea aliiua injini yangu kwa mdomo.

Jumanne, 26 Machi

Nimeenda mjini. Nyuma ya maduka ya mbao kuna mama anaitwa Perez, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Nilikuwa nimemsikia tu. Mikono yake ni minene kama ya mwanaume wa machimbo, na kilemba chake kina vumbi la chuma. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliikuza na vidole viwili.

"Nani alipigilia hii kama msumari?"

"Fundi."

"Huyo si fundi, huyo ni seremala." Akanifundisha pale pale, akitumia kifuniko cha sufuria na kipande cha bomba. Sili inasukumwa sawasawa pande zote kwa wakati mmoja. Mdomo wake wenye springi unaangalia ndani, kwa oili. Unaupaka oili kwanza, usiingie mkavu. Akanichongea bomba fupi linalokaa juu ya sili bila kuigusa shafti, na akaniazima pula ya kuvutia puli.

"Pula irudi. Iko moja tu."

Hakuuliza mguu wangu ulifanya nini. Niligundua nikiwa njiani kurudi, na nikamshukuru peke yangu.

Dukani kwa spea, kijana wa kaunta, Brian, aliuliza, "Mathe, fundi amekutuma sili gani?"

"Mimi ndiye fundi."

Akaangalia mkongojo, akaangalia kucha zangu, akaenda nyuma. "Basi beba mbili," akasema. "Hizi huwa zinasumbua mara ya kwanza."

Alhamisi, 28 Machi

Kutwa nzima kwenye gunia, chini, ubavu wa kushoto kwa sababu wa kulia haunikubali. Nimemwaga oili kwa beseni. Nimevuta puli na pula, ikalia, ikatoka. Sili ya Murunga nimeitoboa vitundu viwili vidogo, nikaingiza skrubu, nikaivuta na koleo, ili bisibisi isiguse shafti. Nimesafisha kiti chake, pale sili inapokaa, na kitambaa mpaka kikang'aa. Nimepaka oili, nikasukuma na bomba la Perez, nikagonga kidogo kidogo, na nikasikia imekaa. Kuna namna mlio hubadilika. Sikujua kwamba mikono yangu inaweza kujua jambo kama hilo.

Ijumaa, 29 Machi

Inavuja. Machozi ya oili, si mengi, lakini ni oili.

Nimeitoa. Mdomo wake umekatwa, kamstari kembamba kama ka wembe. Kwenye shafti kuna mfereji mdogo unaoshika puli isizunguke bure, na kingo zake ni kali. Nilipitisha mpira juu yake bila kuufunika. Kosa ni langu. Afadhali kosa langu kuliko usahihi wa Murunga.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Chakula cha mchana West Indies. Mama aliletwa kutoka Kaptagat, akaketi katikati yetu na mursik yake, maziwa yake ya mgando. Nilikuwa na oili kwenye kucha. Cynthia akaniletea brashi, nami nikaitumia.

Baada ya kula walinipeleka kuona chumba. Ni kizuri, siwezi kudanganya. Kitanda kimetandikwa tayari. Nicholas mwenyewe amevifunga vile vyuma vya chooni. Alivishika akavitingisha kunionyesha haviwezi kung'oka, na alivitingisha muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilimwona uso. Mwaka huu wote nimekuwa nikifikiri anataka shamba. Leo sina hakika anataka nini.

Jioni mvua imeanza. Si ya kupita, ni ile yenyewe.

Jumanne, 2 Aprili

Sili ya pili. Safari hii nimezungushia shafti tepu ya umeme, laini, nikapaka oili juu yake, mpira ukateleza ukapita. Nikatoa tepu. Nimeiwasha nusu saa. Kavu. Nimepitisha karatasi nyeupe chini ya puli na imebaki nyeupe.

Alhamisi, 4 Aprili

Mistari kumi na minne kati ya mvua mbili.

Jumamosi, 6 Aprili

Mistari kumi na moja. Ekari ya chini imeisha kulimwa. Nimepanda sehemu yake pia: natembea na mkongojo mkono mmoja, bomba la plastiki mkono wa pili, na kiazi cha mbegu kinashuka ndani ya bomba mpaka kwenye mtaro. Siinami hata mara moja. Jirani alisimama kwenye ua akaangalia mpaka nikamwuliza kama amekosa kazi.

Jumatatu, 8 Aprili

Saa tano. Nilisikia harufu kabla ya kuona. Oili ilikuwa imemwagika yote, mkanda, plau, mpaka kwenye gambuti yangu. Sili haikukatwa. Imetoka nzima kwenye kiti chake, iko kwenye shafti kama bangili.

Nilikaa kwenye matope. Sitaandika niliyoyasema.

Nimempigia Perez nikamweleza kila hatua. "Kazi yako haina shida," akasema. "Sili haijitoi yenyewe. Kuna kitu ndani kinaisukuma. Tafuta kinachoisukuma."

Jumatano, 10 Aprili

Lazima niandike yote ya leo.

Asubuhi nilirudisha sili mahali pake, nikajaza oili, nikawasha injini dakika tano, nikazima. Nilipofungua kifuniko cha kijiti cha kupimia oili, kiliruka kutoka mkononi mwangu na hewa ikatoka, fuuu, kama chupa ya soda. Hapo nikaelewa. Injini ilikuwa imebanwa pumzi. Kila pistoni inapopiga, hewa ya chini inatafuta pa kutokea, na ikikosa inavunja pale palipo dhaifu. Nilikuwa ninabadilisha mlango wakati tatizo lilikuwa dirisha.

Nikaanza kutafuta dirisha. Kando ya injini kuna kifuniko kidogo na mpira unaotoka hapo kwenda juu. Mvua ilikuwa inanyesha nyembamba. Nililala kifudifudi kwenye gunia, kichwa chini ya boneti, mkongojo nimeutupa pembeni. Nikachomoa mpira, nikauangalia ndani: giza. Nikausukuma na waya, ukatoka udongo mkavu, mgumu, vijichumba vidogo vidogo. Nyigu wa matope. Wakati wa kiangazi, katrekta kakiwa kimya bandani, alijenga nyumba yake kwenye pua ya injini yangu. Nilianza kucheka peke yangu pale chini, kicheko cha kutingisha mabega.

Ndipo nikasikia mtu anakimbia. Anaita jina langu kama mtu anayeita maiti.

Nicholas. Alikuwa ameacha gari upande wa pili wa daraja. Kutoka kule aliona mkongojo umeanguka na mimi nimelala kwenye matope ninatingishika. Alipiga magoti na suruali yake ya shule, akanishika mabega, akanigeuza.

"Niko sawa," nikasema. "Nicholas, niache. Niko sawa. Ni nyigu."

Hakunisikia. Alikuwa analia. Sijamwona akilia tangu tumzike Baba.

"Hakukuwa na ng'ombe," akasema.

Nikamwambia sielewi.

"Siku ile. Hakukuwa na ng'ombe yeyote barabarani. Nilikuwa naangalia simu. Meseji ya mambo ya shule, kitu cha bure tu. Nilipoinua macho tulikuwa tumetoka kwa lami."

Mvua ilikuwa inapiga boneti juu yetu. Nilikuwa bado nimeushika ule mpira mkononi, na kipande cha nyumba ya nyigu. Miaka mitatu nimekuwa nikimlaumu ng'ombe. Nimewahi kuomba kanisani kumshukuru Mungu kwamba kaka yangu ana roho ya kukwepa mnyama.

"Nipe mkongojo," nikamwambia.

Akanipa.

"Sasa nenda."

"Rael."

"Nenda, Nicholas. Nina kazi."

Akaenda. Nimesafisha mpira, nimesafisha kifuniko chake na petroli, nimefunga. Sili imekaa. Injini inapumua, ukiweka kiganja juu unasikia hewa inatoka na kuingia. Nimefanya yote hayo bila kukosea skrubu moja, na sijui nilifanyaje.

Ijumaa, 12 Aprili

Simu sita kutoka kwake. Sijashika hata moja. Mistari kumi na tisa.

Jumamosi, 13 Aprili

Mistari kumi na tatu. Kavu chini ya puli. Hasira ni petroli nzuri lakini inachoma tumbo.

Jumanne, 16 Aprili

Amekuja mwenyewe. Alisimama ng'ambo ya daraja mpaka nikamwashiria avuke. Amekonda.

Alisema, "Sahau ile tarehe. Lima ukitaka, usilime ukitaka. Chumba ni chako wakati wowote, hata usiposhindwa. Ni kitu pekee ninachoweza kufanya."

Nilizima injini ili asikie vizuri.

"Ulijenga kile chumba kwa ajili yako," nikasema. "Ulitaka kuniona kila siku kwenye dirisha la jua la asubuhi, nimetunzwa, nimenyamaza, ili usiku upate usingizi. Mimi si kitubio chako, Nicholas. Tafuta mtu mwingine wa kulalia kile kitanda."

Akasema anajua.

"Na tarehe haisahauliki. Tulishikana mkono. Mwisho wa Aprili ni wangu, usinipokonye na huo pia."

Akauliza basi afanye nini. Nikamwambia Mama bado anamlaumu ng'ombe, na ndugu zetu wote pia. Siku moja atawaambia, kwa mdomo wake, nami nikiwepo. Siku gani, achague yeye. Akainamisha kichwa. Sikumkaribisha chai, na hiyo iliniuma kidogo, kwa sababu alikuwa amelowa.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua siku tatu mfululizo. Daraja linaguswa na maji. Hakuna kulima.

Jumatano, 24 Aprili

Gurudumu limezama mpaka kati. Nimekata matawi, nimeyasukuma chini, nimetoka saa nane baadaye. Siku nzima kwa mistari miwili.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimerudisha pula kwa Perez, nimechelewa majuma kadhaa. Nilimwambia habari ya nyigu. Akacheka mpaka akashika mashine. Halafu akaniuliza swali lake la kwanza la mambo yangu. "Na uliyekuwa ukigombana naye?"

Sikuwa nimemwambia kwamba kuna mtu.

"Bado," nikasema.

"Sawa," akasema, na akawasha mashine.

Jumatatu, 29 Aprili

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Kiazi cha mwisho kimeshuka kwenye bomba. Nilifukia mtaro, nikarudi juu mpaka kwenye ua, nikageuka nikaangalia. Ekari mbili. Nyeusi, zimelowa, zimepinda hapa na pale, za mtu mmoja.

Nilimtumia Nicholas picha bila maneno.

Ijumaa, 17 Mei

Zimechomoza. Mistari ya chini kwanza.

Jumatatu, 3 Juni

Nimepiga dawa ya kuzuia ukungu kwenye majani kabla baridi haijaingia. Jirani aliuliza kama naweza kuangalia mashine yake ya kukata nyasi, haishiki. Nimemwambia ailete Jumamosi, na asimame kando bila kunifundisha.

Alhamisi, 11 Julai

Baridi. Maua meupe shamba zima. Oili, nimepima, haijashuka hata alama moja.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimevuna. Plau inapasua tuta, viazi vinatokea nje kama mayai, vikubwa kuliko nilivyothubutu kutarajia. Nimeendesha mimi. Hakuna aliyethubutu kuniomba usukani.

Nicholas ndiye aliyechagua siku. Alileta Mama, Cynthia, na ndugu zetu wawili, na kutwa nzima aliinama nyuma yangu akiokota na kujaza magunia, bila kusema mgongo unamwuma. Mchana tulikaa juu ya magunia, tukala viazi vya kuchemsha na mboga. Nilimwona ameweka sahani yake chini bila kuimaliza.

Akasimama. Akawaambia. Hakujificha nyuma ya mvua wala ya barabara. Alitaja simu, alitaja meseji, alitaja neno lenyewe alilokuwa akilisoma. Cynthia aliangalia mikono yake mwenyewe. Nadhani yeye pia hakujua. Ndugu yetu mdogo aliinuka akaenda mpaka kwenye ua na akabaki huko.

Mama hakulia. Alimwangalia mwanawe muda mrefu, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ulijua?"

"Tangu Aprili, Mama."

"Na ukanyamaza miezi yote hii?"

"Nilikuwa na viazi vya kupanda," nikasema.